Nyuki Mdogo Hahami

Hali ya mvule imeandikwa. Tangu mwaka 1998 mti huu umo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, katika daraja la spishi zinazokaribia kuwa hatarini. Jina lake la kitaalamu linajulikana, Milicia excelsa, na nchi unakoota zimetajwa, kuanzia Afrika Magharibi hadi huku kwetu na kushuka mpaka Msumbiji na Angola. Ofisa misitu akikuta gogo lake barabarani ana sheria ya kushika mkononi na maswali ya kumuuliza dereva.

Nyuki mdogo, yule asiyeuma, anayekaa ndani ya shimo la mvule huohuo, hana maandishi ya namna hiyo. Nyuki wengi wa mwituni wa Afrika hawajawahi kufanyiwa tathmini kwenye orodha ile, kwa hiyo hawasemwi kuwa salama wala kuwa hatarini. Anayetaka kujua hali yao hapa Kanda ya Ziwa inabidi aende kwa wauza asali. Nimewauliza wengi, wa Mwanza mjini na wa vijiji vya kando ya ziwa, na majibu yao yanafanana: zamani tulikuwa tunaitoa hapohapo nyuma ya nyumba, siku hizi tunaletewa kutoka mbali.

Nimewawaza hawa wawili pamoja kwa muda mrefu, mti unaoweza kufika mita 50 na mdudu asiyefikia punje ya mchele. Mtu akinisikia anadhani nimechagua vitu visivyolinganishika. Mimi naona wanakufa kifo kimoja, ila sisi tumezoea kuhesabu cha mmoja tu.

Nianze na mti, maana ndio unaojulikana.

Mvule ni wa ukoo wa mikuyu na miforosadi. Ukiukwaruza gome unatoa utomvu mweupe. Shina lake linapanda wima bila tawi hadi juu sana, na hiyo ndiyo sifa iliyouponza, kwa sababu mpasua mbao akilitazama haoni mti, anaona futi. Mbao zikitoka msumenoni zina rangi ya manjano, kisha zinakolea kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita. Mchwa hawazipendi. Maji hayaziozeshi upesi, ndiyo sababu wajenzi wa mitumbwi wa Ziwa Victoria walizithamini kuliko mbao nyingine nyingi.

Pita leo mwaloni Kirumba, soko la samaki na mitumbwi hapa Mwanza, uangalie mitumbwi inayoundwa. Mbao nyingi ni laini, za miti ya kupandwa, na mafundi wanaziba mianya kwa pamba mara kwa mara kwa kuwa hazidumu. Fundi mmoja mzee nilimsalimia, akaniitikia marahaba, nikamuuliza kuhusu mvule. Akaacha nyundo.

"Mwanangu, mtumbwi wa mvule baba alivulia, akaniachia mimi nikavulia," akasema. "Huu ninaomuundia mteja hapa, mtoto wake hataukuta."

Nikamuuliza mbao za mvule anazipata wapi akizihitaji. Akasema hazitafuti tena, bei yake ni ya watu wa milango na fremu za majumba ya kifahari.

Kuna jambo moja la mvule ambalo wapasuaji wanalijua kuliko wanafunzi wa chuo, nalo ni jiwe. Unapasua gogo, msumeno unakwenda vizuri, mara meno yanagonga kitu kigumu ndani ya mbao na cheche zinaruka. Ni jiwe kweli, la aina ya chokaa, limejijenga ndani ya shina. Watafiti waliofanya kazi Afrika Magharibi wameeleza linatokana na nini. Mvule unavuta kalsiamu kutoka ardhini na kuihifadhi mwilini kama chumvi za oksaleti. Majani na matawi yakianguka, bakteria na kuvu wanazila chumvi hizo na kuzigeuza kuwa kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa. Udongo ulio chini ya mvule hupungua ukali wa tindikali, na sehemu ya hewa ya ukaa ambayo mti ulikuwa umeivuta inabaki ardhini ikiwa jiwe. Kwa mkulima wa migomba, ambaye ardhi yake imechoka kwa mvua na tindikali, huo ni mti wa kuuweka shambani kwa makusudi. Sijasikia ukitajwa hivyo kwenye kampeni yoyote ya kupanda miti, na linanisikitisha.

Mvule una jike na dume. Mti mmoja unatoa maua ya kiume, mwingine ya kike, na upepo ndio unaobeba chavua kutoka huku kwenda kule. Kwa hiyo mvule hauhitaji nyuki ili uzae. Unahitaji mwenzake asiwe mbali mno na upepo. Wilaya inaweza kuwa na mivule iliyosimama, mirefu, ya kupendeza hata kupigiwa picha, lakini imebaki mmoja mmoja katikati ya mashamba. Majike yasiyofikiwa na chavua hayazai mbegu hai. Mti wa namna hiyo unahesabiwa kuwa upo, kumbe uzao wake umekwisha.

Matunda yakiiva huja popo. Popo mkuu wa kazi hii ni yule wa matunda mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, anayeweza kuruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja akitafuta chakula. Anakula matunda, anaondoka na mbegu tumboni, anazidondosha njiani. Ni vyema ijulikane kwamba na yeye IUCN imemweka kwenye daraja lilelile la kukaribia hatari, na bado watu wetu wanamrushia mawe kwa imani za uchawi.

Mbegu ikiota, bado. Kuna mdudu wa jamii ya Phytolyma anayetaga kwenye machipukizi ya mvule. Panapotagwa panavimba kinundu, kinundu kinapasuka, ncha ya mche inaoza. Mche mmoja uliojificha kati ya mimea mingine unaweza kuponea, ila miche elfu iliyopangwa kwa mistari inaliwa yote. Hiyo ndiyo sababu mashamba ya mvule mtupu yameshindikana sehemu nyingi za Afrika, na ndiyo sababu ukienda Buhindi, au Rubya kule Ukerewe, kwenye mashamba ya miti ya serikali, utakuta miti mingine. Mvule mkubwa ukianguka huwezi kuufidia kwa kuita wanafunzi waje na majembe.

Sasa nyuki.

Nyuki wasiouma wako zaidi ya spishi 500 duniani, wengi wao Amerika ya Kusini na Kati. Afrika wako wachache kuliko huko, na kwetu watu huwaweka wote kwenye jina moja, nyuki wadogo. Kumbe ndani ya jina hilo mna aina tofauti kabisa kwa ukubwa, rangi na makazi. Hypotrigona ni wadogo kiasi cha kudhaniwa visubi. Meliponula ni wakubwa zaidi, wenye asali nyingi kidogo. Plebeina wanakaa ndani ya kichuguu pamoja na mchwa. Msitu wa Kakamega, upande wa Kenya wa bonde la ziwa letu, umewapa watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, nafasi ya kuwachunguza kwa karibu na kujaribu kuwafuga.

Mwiba wanao, ila umefifia mpaka haufai kitu. Wakichokozwa wanaingia kwenye nywele, masikioni, machoni, wanang'ata, wanapaka utomvu unaonata. Nyumba yao wanaijenga kwa nta waliyoichanganya na utomvu wa miti. Mlangoni wanatokeza mrija mfupi, na ukiuona mrija huo kwenye shina ndipo unajua mna kundi ndani. Asali hawaiweki kwenye masega kama nyuki wakubwa. Wanafinyanga vyungu vidogo vya mviringo na kuijaza humo. Watoto wanawalea sehemu nyingine kabisa: kila kijichumba kinajazwa chakula chote atakachohitaji mtoto, malkia anataga juu yake, kijichumba kinafungwa, na hakifunguliwi mpaka nyuki mzima atoke.

Asali yao ni nyepesi, ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, na ina uchachu. Katika Kanda ya Ziwa inanunuliwa kama dawa, ya kifua, ya vidonda vya tumbo, ya macho hata, na bei yake iko juu kuliko asali ya kawaida. (Niseme hapa, kwa kuwa nimewaona akina mama wakilamba kidole na kumpa kichanga: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, inaweza kumletea ugonjwa wa kupooza unaosababishwa na vijidudu vya botulinamu.)

Kilichonifanya niandike makala hii ni malkia wao. Nyuki wakubwa, wale wa mizinga ya kawaida, wakichoshwa na moto, ukame au fujo za binadamu, wanaweza kuondoka kundi zima, malkia akiwemo, wakatafute kwingine. Kila mfuga nyuki wa Tanzania ameshaupata uchungu wa kukuta mzinga mtupu. Malkia wa nyuki wadogo hawezi. Akishapandwa na kuanza kutaga, tumbo lake linavimba hadi mabawa hayawezi kumwinua tena. Humo alimoanza kutaga ndimo atakamofia. Kundi likitaka kugawanyika, vibarua wanatafuta kwanza shimo jipya lililo karibu, kisha kwa wiki kadhaa wanasomba nta, utomvu na asali kutoka nyumba ya mama kupeleka nyumba mpya. Anayehamia ni malkia kijana, ambaye bado anaruka. Shimo jipya likiwa mbali, usombaji huo hauwezekani. Wale wadogo kabisa safari yao ya kutafuta chakula huishia mita mia kadhaa tu kutoka nyumbani.

Weka sasa mambo hayo mawili pamoja. Mbegu ya mvule, kwa mabawa ya popo, inavuka kilomita nyingi kwa usiku mmoja. Nyuki, mwenye mabawa yake mwenyewe, havuki shamba kubwa la pamba. Tunafikiri mti ndio uliopandwa mahali na mdudu ndiye msafiri, lakini kwa hawa wawili mambo ni kinyume. Kati ya Magu na Kwimba, au ukienda Shinyanga kwenye nyanda zilizofyekwa tangu enzi za ukoloni kwa kupambana na mbung'o na kwa kulima pamba, eneo lililo wazi kwa kilomita tatu nne kwetu ni mwendo wa dakika chache kwa pikipiki. Kwa kundi la nyuki wadogo ni mwisho wa dunia. Kundi lililopotea upande wa pili halitarudishwa na majirani, kwa kuwa majirani hawafiki.

Ndiyo maana mti ukianguka, hesabu zao zinatofautiana. Mvule umeanguka mmoja, mingine imebaki, na kama dume na jike bado zinafikiana na popo bado wapo, kuna namna. Kundi la nyuki lililokuwa ndani limekwisha lote siku hiyohiyo. Malkia amebaki kwenye kipande cha gogo, mrija umevunjika, siafu wamefika kabla ya jua kuzama.

Na wanahitaji shimo la namna gani? Wale wakaao mitini wanahitaji tundu kwenye mti ulio hai, lenye kuta nene zisizopitisha joto la mchana na baridi ya alfajiri, na lenye nafasi ya kutosha. Tundu la hivyo haliumbwi kwa mwaka. Tawi linavunjika kwa upepo, maji yanaingia, kuvu wanakula kiini polepole kwa makumi ya miaka huku mti ukiendelea kuishi kwa tabaka lake la nje. Nimefurahi sana kuona ngitili, yaani maeneo yanayotengwa ili majani na miti ijiotee upya, zikirudi Usukumani tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ardhi iliyokuwa vumbi leo ina kivuli na kuni na malisho. Ila nikiingia kwenye ngitili changa naangalia mashina, na mengi ni membamba, mazima, hayana tundu. Miti imerudi. Nyumba za nyuki zitachelewa kwa muda wa maisha ya mtu.

Mjomba wangu ana mvule wilayani Muleba, ukingoni mwa kibanja chake cha migomba, ziwa likionekana kwa chini. Mimi na binamu zangu tumekulia chini yake wakati wa likizo. Shina lina tundu upande wa mashariki, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, na mrija wa nta unatokeza hapo. Siku moja alikuja mnunuzi wa mbao. Akauzunguka, akalipiga shina kwa kisigino cha shoka, akasikiliza, akapiga tena.

"Mzee, huu mbovu," akamwambia mjomba. "Ndani mtupu. Nitakusaidia tu, lakini bei si ile."

Mjomba akamwambia aende. Hakuwa anatetea nyuki, tuseme ukweli, alikuwa amekasirika kuambiwa mti wa baba yake ni mbovu. Baadaye akaja mwingine, wa mkaa, ambaye hakujali shimo hata kidogo.

Neno lile, mbovu, ndilo linalotawala biashara yote. Mti wenye shimo hauna mbao nzuri, kwa hiyo unashuka daraja. Ukishashuka daraja hakuna anayeuonea huruma: anauchukua mchoma mkaa, au mkausha samaki wa visiwani anayehitaji kuni nyingi za kukaushia sangara, au mrina asali anaupanua kwa shoka. Mti mzima, usio na shimo, una thamani na walinzi. Kwa nyuki mdogo ni kinyume, mti mzima haumfai kitu na ule mbovu ndio mtaa wake. Tukilinda mivule kwa jicho la muuza mbao, tunaweza kubaki na mivule na tukawa hatuna nyuki.

Warina asali siwalaumu sana. Wengi ni vijana wasio na kazi na asali ile inalipa. Uganda, katika msitu wa Bwindi, Robert Kajobe na David Roubik walichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu makundi ya nyuki watengeneza asali na namna yanavyowindwa na binadamu na nyani wakubwa. Kuwinda asali, basi, ni kazi ya kale kuliko kijiji chochote cha pwani ya ziwa. Tofauti ni kwamba msitu mkubwa una makundi mengine jirani ya kujaza pengo. Mti mmoja kwenye kibanja hauna. Mrina aliyejifunza kutoka kwa babu yake jinsi ya kutoboa tundu dogo, kuchota, na kuliziba tena kwa udongo, huyo kundi lake analikuta mwaka unaofuata. Anayekata shina ili awahi gari la jioni amevuna mara moja kwa vizazi vyote.

Ufugaji nao upo. Kilimanjaro watu wamekuwa wakitundika vipande vya magogo yenye nyuki wadogo chini ya mapaa ya nyumba kwa miaka mingi, na sasa kuna visanduku vilivyotengwa vyumba, watoto huku na vyungu vya asali kule, unavuna kwa bomba la sindano bila kubomoa. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini huwa nauliza swali moja kwa kila anayenionyesha mzinga mpya: hili kundi umelitoa wapi? Jibu likiwa ni kwamba alikata mti porini akalihamishia kwenye kisanduku, basi kisanduku hicho kimeondoa nyumba ya asili na kuleta ya mbao laini itakayooza. Kundi linalogawanywa kutoka mzinga hadi mzinga ni jambo jingine, na hilo ndilo la kufundisha.

Watu wa Mwanza tuna sababu ya kuelewa haya haraka kuliko wengine. Tuliwahi kuwa na furu, samaki wadogo wa ziwa, wa aina nyingi. Mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu wa Ghuba ya Mwanza na wakakuta aina nyingi mno, nyingine hazijapewa hata jina la kitaalamu. Sangara, aliyekuwa ameshapandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla kwenye ghuba yetu katika miaka ya 1980. Ndani ya muda mfupi nyavu za watafiti zikaanza kurudi bila furu. Inakadiriwa aina zipatazo 200 za ziwa hili zilitoweka. Baadhi tunazijua tu kwa sababu vielelezo vyake viko kwenye chupa za makumbusho huko Ulaya. Ziwa liliendelea kuonekana ziwa, tena likaleta viwanda na pesa. Mtu aliyekuwa amesimama Kamanga akisubiri kivuko asingeona kilichokuwa kikitokea chini yake.

Nyuki wadogo wa kando ya ziwa hawana hata watafiti wa kutosha wa kuwaweka kwenye chupa. Kundi likipotea Sengerema hakuna nyavu zitakazorudi tupu. Mti utakuwa umeanguka, mkaa utakuwa umefika Buhongwa, na aliyepoteza atakuwa mkulima ambaye miembe yake na maboga yake yatazaa kidogo bila yeye kujua sababu.

Sheria zetu zinakaribiana kuliko fikra zetu. Sheria ya Misitu ni Namba 14 ya mwaka 2002. Sheria ya Ufugaji Nyuki ni Namba 15 ya mwaka huohuo. Zimefuatana, na wakala ni mmoja, TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa miti na kwa nyuki. Lakini ukienda kuomba kibali cha kuvuna mti, unaulizwa aina yake, kipenyo chake na mahali ulipo. Sijawahi kumsikia mtu akiulizwa kama mti wake una tundu na ndani ya tundu mna nani. Ni swali la mstari mmoja kwenye fomu. Vijiji navyo vina uwezo wa kutenga msitu wao na kutunga sheria ndogo, na baadhi ya sheria ndogo nilizoziona zinataja vyanzo vya maji, miti ya matambiko na adhabu ya kuchoma moto. Mti wenye nyuki ungeweza kuandikwa humo kwa sentensi moja, pamoja na mivule jike na dume iliyobaki, ikiwekewa alama ili ijulikane ipi inatazamana na ipi.

Kwa mjomba tulikaa kikao cha familia. Binamu yangu mkubwa alitaka mvule uuzwe kabla haujaanguka wenyewe juu ya nyumba, na hoja yake haikuwa ya kijinga, tawi moja kweli lilikuwa limeelekea bati. Mjomba alikuwa na ada za wajukuu. Mimi nilisema tulikate tawi hilo tu, tuuachie shina na tundu lake, na ada tuchange sisi tulio mjini. Dada zangu wakakubali, wakaanza kutoa palepale. Nikamuomba mjomba ruhusa ya kutafuta kama kuna mvule mwingine jirani, na wa jinsia gani, kwa sababu huu wake popo wanaujia na matunda unayo, kwa hiyo ni jike. Bibi mmoja wa jirani akasema upo mmoja upande wa bondeni, mkubwa, usiozaa kabisa, na mwenye shamba amekwisha kuupatia mteja.

Nilikwenda kumuona mwenye shamba. Amenipa muda hadi Desemba, kwa heshima ya mjomba. Binamu hajaridhika bado, na mwezi huo tunakaa tena.